Usukani wa trekta la kukatia nyasi: kutafuta ubovu na kuutengeneza hatua kwa hatua

Usukani wa trekta la kukatia nyasi hauharibiki kwa siku moja. Huanza na mchezo mdogo: unazungusha kidogo, tairi hazijaitika. Mwendeshaji anauzoea, anaongeza mkono, kazi inaendelea. Mchezo unakua hadi siku mashine inapokataa kona karibu na mtaro, au gia inaporuka jino kwa mlio mkali na usukani kubaki mwepesi mikononi. Fundi akiitwa anafungua, anaona meno yamelika, anasema gia imekwisha. Inanunuliwa mpya, inafungwa, na haichukui muda nayo inakwisha.

Gia ile haikujimaliza. Imemalizwa na kibushi cha plastiki (pete inayoishika shafti isiyumbe) cha bei ndogo kilichokuwa kando yake, nacho kikaachwa palepale kiendelee na kazi yake ya kuua gia. Ukilielewa hili utaokoa fedha nyingi kuliko kwa ufundi mwingine wowote ulioandikwa hapa chini.

Mashine ninayoizungumzia ni ile ya kukalia, yenye injini mbele, visu tumboni na usukani wa mviringo. Ndiyo inayoonekana kwenye viwanja vya shule, hoteli, makanisa na viwanja vya mpira: John Deere za mfululizo wa 100, Husqvarna, Craftsman, Cub Cadet, MTD na ndugu zao. Kwa ndani zinafanana sana. Zile zinazoendeshwa kwa mikono miwili ya chuma badala ya usukani zina mambo yake, nitazigusa karibu na mwisho.

Njia kutoka mkononi hadi kwenye tairi

Ijue njia hii vizuri kabla hujashika spana. Usukani umefungwa juu ya shafti inayoshuka ndani ya dashibodi. Chini ya shafti kuna gia ndogo, pinioni. Pinioni inauma meno ya gia kubwa iliyolala bapa, yenye umbo la chapati iliyokatwa robo, meno yakiwa kwenye ukingo wake wa mviringo. Nitaiita gia ya robo. Gia hii inazunguka kwenye bolti moja, na kutoka kwake fimbo inayoitwa dregi linki inakwenda kwenye mkono wa spindo ya upande mmoja. Spindo ndicho kile chuma chenye umbo la L kinachobeba tairi la mbele. Spindo ya pili inavutwa na tairodi inayounganisha pande mbili. Baadhi ya mashine hazina tairodi kabisa, bali dregi linki mbili, moja kwa kila tairi.

Spindo zote mbili zimepita kwenye ekseli ya mbele, na ekseli yenyewe imening'inia kwenye pini moja katikati ili ibembee kufuata ardhi. Basi, ni hayo tu. Hakuna pampu wala mafuta ya pawa. Kila ubovu wa usukani uko mahali fulani kwenye mnyororo huo, na kazi yako ni kutafuta kiungo gani kimelegea, kimekaza, kimepinda au kimekatika.

Kabla ya kuingiza mikono

Egesha mahali tambarare na pagumu, si kwenye nyasi zenye mteremko. Zima visu, zima injini, toa ufunguo, kisha vuta waya wa plagi na uuweke mbali na plagi. Fungua tamino hasi ya betri kwanza, kwa sababu shafti ya usukani inapita karibu na nyaya za dashibodi na spana ikigusa chanya na bodi cheche zitaruka karibu na petroli. Funga breki, tia kabari tairi za nyuma.

Ukiinua mbele kwa jeki, weka stendi au magogo imara chini ya fremu. Jeki ni ya kuinulia. Usilale chini ya mashine iliyoshikiliwa na jeki peke yake hata kama ni kwa kuchungulia tu. Wala usiilaze mashine ubavu ili uone chini: oili itaingia kwenye silinda na kwenye kisafisha hewa, na petroli itamwagika.

Anza na tairi, usianze na usukani

Karibu kila mtu huanza juu. Anza chini, kwa sababu vitu vya bure na vya bei nafuu viko chini.

Pima upepo. Tairi za mbele za mashine hizi, mara nyingi zenye ukubwa wa 15x6.00-6, hutaka upepo mdogo sana ukilinganisha na gari: kati ya psi 10 na 14 kwa mashine nyingi. Angalia kitabu au maandishi ubavuni mwa tairi. Vijana wa pancha waliozoea magari huzijaza hadi 30, na hapo mashine inaanza kurukaruka na kubishana na usukani. Tairi moja ikiwa na psi 6 na nyingine 14, mashine itavuta upande wenye upepo mdogo na usukani utakuwa mzito upande mmoja. Geji ya magari huwa haisomi vizuri chini ya 10, kwa hiyo tafuta yenye kipimo kidogo. Kama pancha zinakusumbua kila wiki kwa sababu ya miiba, tia tyubu na umalizane nazo.

Kisha inua mbele, shika kila tairi juu na chini, utikise. Halafu lishike kushoto na kulia, utikise tena. Linavyocheza ndivyo litakavyokuambia:

Likicheza juu na chini huku spindo imetulia, bushi au beringi ya ndani ya rimu imekwisha. Hii ni kawaida, maana nyingi hutoka kiwandani na bushi, si beringi. Likicheza pamoja na spindo yenyewe ndani ya ekseli, bushi ya spindo imelika au tundu la ekseli limepanuka. Likicheza kushoto na kulia na tairi la pili likabaki kimya, tazama tairodi na boljointi zake, yaani viungo vya kichwa cha duara kwenye ncha zake. Ekseli yote ikisogea mbele na nyuma, pini ya katikati ndiyo yenye shida.

Hatua ya tatu: fungua dregi linki upande wa spindo ili tairi za mbele zibaki huru, halafu zizungushe kwa mkono. Zinapaswa kwenda kwa wepesi mwisho hadi mwisho. Kama ni nzito, umeshajua kwamba dashibodi haina kosa, na uzito wote uko kwenye spindo zilizokauka. Huu ni mtihani wa dakika 5 unaogawa mashine vipande viwili, na nashangaa kwamba mafundi wengi hawaufanyi.

Mtihani wa watu wawili

Rudisha dregi linki, shusha mashine, tairi zikae ardhini. Mtu mmoja akae kitini aushike usukani na kuutikisa kushoto na kulia taratibu, kiasi cha upana wa kiganja, bila kuacha. Wewe jilaze pembeni na tochi. Injini imezimwa na waya wa plagi uko nje, usisahau.

Fuata mwendo kiungo kwa kiungo kutoka juu. Je, shafti inazunguka kila usukani unapozunguka? Pinioni inazunguka pamoja na shafti? Gia ya robo inaitika palepale pinioni inapogeuka, au inasubiri? Boljointi ya dregi linki inasogea mara moja, au bolti inacheza kwanza ndani ya tundu? Mkono wa spindo unazunguka pamoja na spindo, au unateleza juu yake? Mahali ambapo upande mmoja unatembea na wa pili bado umesimama, hapo ndipo mchezo ulipo. Weka kidole juu ya kiungo chenyewe. Kidole hukamata mwendo ambao jicho haliuoni.

Usiridhike na kiungo cha kwanza ulichokipata. Mchezo wa usukani hujumlishwa, robo huku, robo kule. Endelea hadi tairi, uandike vyote. Kwangu mimi, mchezo wa sentimita 2 au 3 kwenye ukingo wa usukani hauna neno kwa mashine ya namna hii. Ukifika 7 au 8, acha kuendesha mpaka utengeneze, hasa kama uwanja una mteremko, bwawa au watoto.

Angalia kitu kimoja zaidi wakati msaidizi wako bado yuko kitini: shafti inapozunguka, je, sehemu yake ya chini inaegama pembeni? Ikiegama na kukimbia gia ya robo, bushi ya chini imekwisha, hata kama meno bado yanaonekana mazuri. Hapo umeikamata mapema, na unaweza kuokoa gia kwa bei ya bushi.

Dalili na maana zake

Usukani unazunguka bila tairi kugeuka kabisa. Tundu la kati la usukani limelika likawa mviringo, au pini inayoshika pinioni imekatika, au boljointi ya dregi linki imechomoka. Tofauti utaiona kwa kutazama shafti: ikiwa imesimama, shida iko juu; ikiwa inazunguka, shida iko chini.

Usukani unaruka kwa mlio, hasa ukikata kona kali au mashine ikiwa imesimama. Meno. Karibu kila mara meno ya katikati ya gia ya robo ndiyo yaliyokwisha, kwa sababu mashine hutumia sehemu kubwa ya maisha yake ikienda mbele moja kwa moja na kurekebishwa kidogo kidogo. Meno ya pembeni utayakuta kama mapya. Lakini kabla hujaihukumu gia, kamata ile bolti yake: ikilegea, gia inashuka na meno yanaumana nusu ya urefu. Kuna mashine zilizopona kwa kukaza bolti hiyo tu na kuongeza washa moja, ile pete bapa ya chuma.

Usukani mzito pande zote: upepo mdogo, spindo kavu, au pini ya ekseli iliyoshika kutu. Ukiwa mzito upande mmoja tu, tafuta fimbo iliyopinda inayogusa fremu, au deki la visu (kasha linalobeba visu) lililofungwa vibaya na kusukumana na dregi linki.

Mashine inavuta upande mmoja: upepo kwanza, kisha spindo iliyopinda. Mtu akigonga kisiki au kingo ya barabara, spindo hupinda kabla ya kitu kingine. Simama mbele ya mashine hatua kadhaa, inama, uzitazame tairi zote mbili kwa wakati mmoja. Lililoinama ndani au nje kuliko mwenzake halihitaji kipimo.

Tairi moja linatazama njia yake na la pili njia yake: tairodi imepinda au mkono wa spindo umepinda. Na tairi linalotetemeka kwa mwendo ni bushi ya rimu, karibu bila mjadala.

Kubadilisha gia ya robo, pinioni na bushi

Hii ndiyo kazi kubwa, na ndipo watu wanapoharibu. Tenga nusu siku. Utahitaji seti ya boksi spana, bisibisi, nyundo, kipande cha mbao, dawa ya kulegeza kutu, brashi ya waya, grisi na simu ya kupigia picha. Mashine nyingi za Marekani zina bolti za inchi: andaa 7/16, 1/2, 9/16 na 3/4. Spana 13 inakaribiana sana na 1/2 na mafundi huzichanganya, lakini kwenye bolti yenye kutu itakula kona. Tumia ya inchi.

1. Toa deki la visu. Lishushe hadi chini, legeza mkanda na uutoe kwenye puli ya injini, chomoa pini na klipu zinazolishikilia, kisha livute litoke ubavuni; kwa mashine nyingi ni upande wa kulia. Unaweza kujaribu kufanya kazi bila kulitoa, ila utajikata na hutaona kitu. Likishatoka, ligeuze usafishe, maana hutapata nafasi nyingine nzuri kama hiyo.

2. Inua mbele, weka stendi chini ya fremu, nyoosha tairi ziangalie mbele. Piga picha kutoka chini, pande zote. Piga hata kama unaona ni rahisi: mpangilio wa washa, ipi juu na ipi chini, ndio utakaokusumbua wakati wa kufunga.

3. Fungua boljointi ya dregi linki kwenye gia ya robo. Nati yake mara nyingi ina plastiki ndani ya kuizuia isilegee. Nati hiyo ikishafunguliwa haishiki kama mwanzo, nunua nyingine.

4. Toa usukani. Banua kifuniko cha katikati, fungua bolti, vuta juu. Ukigoma, mimina dawa ya kutu, subiri, kisha uyumbishe kushoto na kulia huku ukivuta, na mwenzako agonge kwa mbao kutoka chini ya kitovu. Usigonge kichwa cha shafti kwa nyundo kushuka chini. Nguvu hiyo inashukia moja kwa moja kwenye bushi na pinioni, na thredi za kichwani zitavimba.

5. Fungua kinachoishika shafti chini, kiwe klipu, bolti au pini, uitoe. Nyingine hutoka kwa juu, nyingine kwa chini, na kwa baadhi ya mashine lazima uinue kipande cha dashibodi. Usilazimishe, shafti iliyokwama ina klipu ambayo hujaiona.

6. Fungua bolti ya gia ya robo, uitoe pamoja na washa zake. Panga vyote juu ya gazeti kwa mpangilio uleule.

Sasa kaa chini uvitazame. Meno mazuri yana kichwa bapa na ubavu ulionyooka. Yaliyokwisha yamechongoka au yamelala upande. Tazama pinioni ilikoliwa: mara nyingi ni mkanda mwembamba tu, kwa sababu pinioni ni ndefu kuliko unene wa gia ya robo. Kama mkanda huo si wa kina na gia ya robo unabadilisha, unaweza kuongeza washa chini ya gia mpya ili iume sehemu ya pinioni ambayo haijaguswa. Hii ni mbinu halali, mradi gia haigusi fremu wala dregi linki haigongi kitu.

Ingiza shafti kavu ndani ya bushi ya chini, utikise. Ikicheza hata kidogo kwa macho, bushi haifai. Fanya vivyo hivyo juu. Badilisha bushi hizi kila unapobadilisha gia, bila kujadiliana na mwenye mashine. Bei yake ni ndogo mbele ya gia. Na tundu la bolti ya gia ya robo lilichunguze pia, maana gia mpya kwenye bolti iliyolika itayumba kama ya zamani. Kama fremu yenyewe imepanuka tundu, chomelea washa nene ya chuma juu ya tundu, katikati kabisa, ili ndiyo iwe tundu jipya. Ondoa tangi la petroli na betri kwanza.

7. Safisha kila kitu kwa dizeli na brashi, kausha. Funga bushi mpya, kisha gia ya robo na washa zake. Kaza bolti mpaka gia izunguke bila kupanda na kushuka, lakini isikabwe.

8. Rudisha shafti. Hapa pana jambo la kuangalia: tairi zinyooke, jino la katikati la gia ya robo litazame pinioni. Ukikosea jino moja mbili, mashine itakata kona kali kushoto na kona pana kulia. Kabla ya kufunga usukani, zungusha shafti mwisho hadi mwisho, hesabu mizunguko ya kila upande kutoka katikati. Zilingane. Ndipo uweke usukani ukiwa umenyooka.

9. Meno yapake grisi, tabaka jembamba. Bushi za nailoni usizipake. Vitabu vya mashine zenye bushi za namna hiyo hukataza wazi, kwa sababu grisi hukamata vumbi na vumbi huwa msasa. Ukiona lazima, tumia unga wa grafiti, tena kidogo. Kwa wanaokata nyasi kiangazi kwenye viwanja vyenye vumbi jekundu, katazo hili ni la kufuatwa kwa herufi.

Spindo na rimu ni hadithi nyingine: zile zenye nipo (kichuchu cha kupigia grisi) zinahitaji grisi. Inua mbele ili uzito utoke kwenye spindo, piga grisi mpaka itoke safi. Zilizokauka kabisa na kutu, chomoa spindo, piga msasa, paka grisi, rudisha. Mashine inayooshwa kwa mashine ya presha inapoteza grisi hiyo haraka, kwa hiyo elekeza maji mbali na spindo.

Spea isipopatikana

Kibati chenye namba ya modeli huwa chini ya kiti au kwenye fremu. Piga picha, tafuta spea kwa namba hiyo. Sura inadanganya, kwani gia mbili zinazofanana zinaweza kupishana jino moja au tundu moja.

Ikichelewa, bushi inaweza kuchongwa. Peleka shafti yenyewe kwa fundi wa kereza, Gerezani kama uko Dar es Salaam, Kamukunji kama uko Nairobi, wala usipeleke bushi ya zamani peke yake, kwa sababu imelika na vipimo vyake ni vya uongo. Aichonge kwa nailoni ngumu au shaba, na iachie shafti nafasi ya milimita 0.1 hadi 0.2. Shafti ikiwa na mkwaruzo mkubwa, ing'arishwe kwanza ndipo ipimwe.

Boljointi za dregi linki na tairodi utazipata kwenye maduka ya spea ukienda na ya zamani mkononi. Linganisha thredi kwa kuingiza nati yake ya zamani kwa vidole: ikienda mizunguko miwili ikakaza, thredi si hiyo, usiilazimishe. Kwa rimu, kuna wanaotoa bushi na kutia beringi, na mimi nawaunga mkono, ila angalia kipimo. Spindo nyingi ni inchi 3/4, yaani milimita 19.05. Beringi ya milimita 20 itaingia vizuri dukani, kisha itacheza karibu milimita moja na kuila spindo.

Meno kuchomelewa kwa weldi na kuchongwa kwa tupa? Kwa kumalizia kazi wiki moja wakati spea iko njiani, sawa, kwenye gia ya robo tu. Weldi ni ngumu na haina umbo sahihi, itaitafuna pinioni. Pinioni isichomelewe kabisa. Spindo yenye ufa nayo isichomelewe. Ikikatika mashine inalala kifudifudi na mwendeshaji anarukia mbele.

Tairodi, ekseli na alaimenti

Tairodi iliyopinda kidogo inyooshwe ikiwa baridi, kwenye vaisi, kwa utaratibu. Ukiichoma moto mpaka ikawa nyekundu inakuwa laini na itapinda tena kwenye kisiki cha kwanza. Pini ya katikati ya ekseli kaza mpaka mwendo wa mbele na nyuma uishe, lakini ekseli ibembee bado kwa nguvu za mkono.

Alaimenti, yaani kurekebisha tairi mbili zitazame mbele sawasawa, inawezekana pale tu tairodi ina thredi na loki nati (nati ya kuzuia isilegee). Mashine kadhaa, zikiwemo nyingi za familia ya Husqvarna na Craftsman, hazirekebishiki: alaimenti ikiharibika, kuna kitu kimepinda na dawa ni kukibadilisha.

Kwa inayorekebishika, nyoosha usukani, weka alama ya chaki mbele ya kila rimu kwenye urefu wa kitovu, pima umbali kati ya rimu mbili kwa mbele. Sukuma mashine mpaka alama zifike nyuma kwenye urefu uleule, upime tena. Mbele pawe pembamba kuliko nyuma kwa milimita 3 hadi 6. Tairodi ikiwa nyuma ya ekseli, kuirefusha kunafunga tairi mbele; ikiwa mbele ya ekseli, ni kinyume chake. Zungusha mzunguko mmoja, pima, kisha uendelee. Ukimaliza kaza loki nati, na hakikisha boljointi mbili hazijapindana.

Mashine za mikono miwili

Hizi hazina tairi za mbele za kuongoza. Za mbele zinafuata tu. Kila mkono unaongoza pampu na mota ya tairi lake la nyuma. Ikivuta kulia, maana yake tairi la kulia linakwenda polepole. Linganisha upepo wa tairi za nyuma kabla ya yote, kwa sababu tofauti ndogo tu inabadilisha duara la tairi. Kisha tafuta bolti ya kikomo ya mkono wenye kasi, uupunguze mpaka ulingane na mwenzake. Usijaribu kumharakisha mvivu.

Upande mmoja ukikosa nguvu na wa pili ni mzima, angalia kama valvu ya upande huo, ile inayofunguliwa ili mashine isukumwe kwa mkono, imefungwa sawasawa, halafu fimbo zake. Pande zote mbili zikichoka pamoja, mara nyingi ni mkanda wa pampu. Ikitambaa mbele yenyewe mikono ikiwa katikati, fimbo za katikati zinahitaji kurekebishwa, kazi inayofanywa tairi za nyuma zikiwa hewani na injini inawaka. Mpe fundi mwenye stendi imara.

Jaribio

Usifunge deki la visu bado. Washa, endesha mwendo wa chini kwenye uwanja tambarare usio na watu, fanya umbo la namba 8 mara kadhaa, kona kali kila upande, kisha rudi nyuma ukikata kona, maana hapo gia ya robo hupata mzigo mkubwa. Sikiliza. Simama, zima, toa ufunguo, ingia chini na tochi, kamata kila nati uliyoifungua. Ndipo ufunge deki, na uhakikishe mkanda umepita kwenye puli zote na hakuna fimbo ya usukani inayogusana nalo likiwa juu kabisa na likiwa chini kabisa. Kazi ya kwanza ya uwanja mzima ikiisha, kaza tena bolti ya gia ya robo, kwa sababu washa mpya hukaa sawa baada ya mzigo na bolti hubaki imelegea kidogo.